Mplamu Mwitu Chunguni: Kusoma Dalili na Kufikia Chanzo Kabla ya Kutibu

Mplamu mwitu unaozungumziwa hapa ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Harpephyllum caffrum, mti wa jamii moja na mwembe na mkorosho, usiopukutisha majani yake yote kwa msimu, ambao kwao ni misitu ya mashariki mwa Afrika Kusini, hasa ile ya kandokando ya mito, pamoja na Eswatini, Msumbiji na Zimbabwe. Porini hufikia urefu wa meta 15 au hata kuzidi hapo, lakini ukipandwa chunguni hukubali kubaki mdogo, na kwa kuwa mche wake huweza kuanza maisha chini ya kivuli cha miti mikubwa, huvumilia mwanga wa ndani ya nyumba kuliko miti mingi ya matunda. Uvumilivu huo ndio unaowapotosha wengi. Mti huumia polepole, dalili huchelewa kuonekana, na zinapoonekana mwenye mti huharakisha kumwagia maji au kuongeza mbolea, mambo mawili ambayo mara nyingi huzidisha madhara yaliyokwisha kuwapo.

Dalili moja ya jani inaweza kuwa na vyanzo vitatu au vinne, vingine vikipingana kabisa. Kwa hiyo kabla ya kutibu, chunguza mambo matatu kwa utaratibu huu: unyevu wa udongo ulio ndani ya chungu, wala si ule wa juu tu, hali ya mizizi, na kiasi cha mwanga kinachofika kwenye majani. Mbolea, wadudu na hewa ya chumba vifuate baada ya hapo. Utaratibu huu una sababu yake: mzizi uliooza na mwanga hafifu huharibu kila kitu kinachofuata, ilhali mti wenye mizizi mizima na mwanga wa kutosha hustahimili makosa mengi madogo ya mtunzaji.

Hakikisha kwanza ni mti gani

Jina la mplamu mwitu hupewa pia miti ya jenasi Prunus, kama vile Prunus americana ya Amerika Kaskazini na Prunus cerasifera ya Ulaya ya kusini-mashariki na Asia ya magharibi. Miti hiyo ina majani mepesi yanayoota moja moja, yenye kingo za meno madogo, na hupukutisha majani yote kabla ya msimu wa baridi. Ikiwa mti wako uko hivyo na umebaki vijiti vitupu katika miezi ya baridi, hauna ugonjwa wowote; umepumzika. Tatizo lake ni jingine: machipukizi yake yanahitaji majuma mengi ya baridi ya takriban nyuzi 7 za selsiasi au chini ya hapo ndipo yafumuke vizuri, na chumba chenye joto mwaka mzima hakiwezi kuyapatia baridi hiyo. Mti wa namna hiyo hutoa majani kwa kuchelewa, tena machache, na mwaka hata mwaka hudhoofu. Dawa yake ni kuutoa nje, wala hakuna mbolea itakayochukua nafasi ya baridi.

Harpephyllum hutambulika kwa majani yake mazito yenye kung'aa, kila jani likiwa limegawanyika katika vijani kadhaa vilivyopangwa kwa jozi, na kimoja kikiwa kwenye ncha. Vijani hivyo vimepinda kidogo, na mshipa wake wa kati haukupita katikati sawasawa, hivi kwamba upande mmoja huwa mpana kuliko mwingine. Yote yanayofuata yanauhusu mti huu.

Mambo yanayotisha ilhali si ugonjwa

Jani moja moja la mplamu mwitu hugeuka jekundu kabisa kabla ya kuanguka, likionekana waziwazi katikati ya majani mabichi ya kijani. Hiyo ndiyo alama mojawapo inayoutofautisha na miti mingine inayofanana nao, na inatokea wakati wowote wa mwaka. Wapo wanaokata jani hilo, wanapuliza dawa ya ukungu, kisha wanahamisha chungu, na kwa hatua hizo tatu wanauletea tatizo mti ambao haukuwa nalo. Liache jani lianguke lenyewe. Cha kuangalia ni mahali lilipo na idadi: jani kuukuu la chini, moja au mawili kwa wakati, ni uzee wa kawaida, lakini majani mengi yakibadilika rangi ndani ya juma moja, au mabadiliko yakianzia kwenye majani machanga ya juu, hapo pana tatizo la kutafutwa.

Vilevile, majani ya mti huu huelekea kujazana kwenye ncha za matawi na kuning'inia kidogo hata yakiwa na afya kamili. Asiyeuzoea mti hudhani umenyauka. Tofauti huonekana kwa kugusa: jani lenye afya, hata likining'inia, ni gumu na hurudi mahali pake ukiliinua na kuliachia, ilhali jani lililonyauka ni laini na hukunjika bila kupinga. Katika miezi yenye baridi na mwanga mfupi ukuaji nao hupungua sana au husimama, na hilo pia si dalili ya kitu.

Majani yamelegea na kukosa nguvu

Hii ndiyo dalili inayoleta makosa makubwa zaidi, kwa kuwa ukame na maji mengi hutoa sura ileile. Jani hulegea pale linapopoteza maji kwa kasi kuliko yanavyopandishwa na mizizi. Mizizi iliyokosa maji haiwezi kuyapandisha, na mizizi iliyooza nayo haiwezi, hata ikiwa imezama ndani yake. Kulitazama jani pekee hakutakuambia lolote la maana. Ingiza kidole kwenye udongo kwa kina cha sentimita 5, kisha uinue chungu uone uzito wake. Ukijizoeza kukiinua mara tu baada ya kumwagilia na tena kabla ya kumwagilia, mikono yako itakupa jibu la uhakika kuliko kipimo chochote cha unyevu cha bei nafuu, kwani vipimo vingi vya namna hiyo huathiriwa na chumvi zilizomo udongoni na hudanganya.

Chungu kikiwa chepesi na udongo ukiwa mkavu hadi chini, chanzo ni ukame. Hapa kuna jambo linalofichika: udongo wenye mboji nyingi ukikauka kabisa husinyaa na kuachana na kuta za chungu, na kisha hukataa maji. Ukimwagilia, maji hupitia kwenye ule upenyo wa pembeni na kutokea chini, mwenye mti akaridhika kwamba chungu kimeshiba, kumbe kitovu cha udongo bado ni kikavu. Katika hali hiyo, weka chungu ndani ya beseni lenye maji yanayofika nusu ya kimo chake, ukiache kwa nusu saa hivi hadi udongo wa juu uwe na unyevu, kisha ukitoe na ukiache kichuruzike kabisa. Majani yaliyolegea kwa ukame wa muda mfupi husimama tena ndani ya saa chache au kufikia kesho yake. Yale yaliyokwisha kukauka kingo hayarudi, lakini tawi likiwa zima litatoa mengine.

Chungu kikiwa kizito, udongo umelowa, na bado majani yamelegea, usiongeze hata tone moja la maji. Mizizi huhitaji oksijeni, na udongo ambao nafasi zake zote zimejaa maji hauna hewa. Mizizi midogo hufa kwanza, na vimelea vya kuozesha kama Pythium na Phytophthora, ambavyo hustawi katika unyevu wa namna hiyo, humaliza iliyobaki. Lalisha chungu upande, gonga kuta zake, na uutoe mti pamoja na udongo wake bila kuuvuta kwa shina. Mizizi mizima huwa migumu na yenye rangi ya maziwa au kahawia hafifu. Mizizi iliyooza ni ya kahawia iliyokoza au nyeusi, laini, na ukiivuta kwa vidole ganda la nje huchomoka na kuacha uzi mwembamba wa katikati. Mara nyingi huwa na harufu ya uvundo.

Ukikuta uozo, ondoa udongo uliolowa, kata mizizi yote mibovu hadi ufikie sehemu ngumu, ukitumia mkasi uliosafishwa kwa spiriti, kisha panda upya katika udongo mpya unaopitisha maji. Chagua chungu kinacholingana na mizizi iliyobaki, hata kama ni kidogo kuliko cha mwanzo, kwa sababu udongo mwingi usio na mizizi ya kuunyonya hubaki na maji kwa siku nyingi na kurudisha tatizo lilelile. Ikiwa umepoteza mizizi mingi, punguza pia sehemu ya majani ili mizizi iliyobaki isielemewe. Uweke mti mahali penye mwanga mzuri lakini pasipopigwa na jua kali, mwagilia kwa uangalifu, wala usiupe mbolea hadi uone majani mapya. Vaa glavu unapokata: baadhi ya miti ya jamii hii ina utomvu unaowasha ngozi ya watu wengine, na kujihadhari hakugharimu kitu.

Lakini kutibu uozo bila kuondoa kilichouleta ni kuahirisha tu. Chunguza matundu ya chini ya chungu kama yapo na kama hayakuzibwa na mizizi. Chungu cha ndani kinapowekwa ndani ya chungu cha mapambo kisicho na tundu, maji hukusanyika chini bila kuonekana, na hicho ni chanzo cha kawaida sana. Chungulia humo kila baada ya kumwagilia na uyamwage. Maji ya kwenye sahani ya chini nayo yamwagwe ndani ya nusu saa. Na ile desturi ya kutandika kokoto chini ya chungu eti kusaidia maji kutoka, iachwe. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye udongo wenye chembe ndogo kuingia kwenye tabaka la mawe makubwa. Hukaa juu ya tabaka hilo hadi udongo ujae, kwa hiyo kokoto hupandisha ukanda wa matope juu zaidi na kuusogeza karibu na mizizi. Kinachopitisha maji ni mchanganyiko wenyewe, kuanzia juu hadi chini: kwa mfano, sehemu mbili za udongo tifutifu, sehemu moja ya mboji iliyoiva, na sehemu moja ya mchanga wenye chembe kubwa au perlaiti, yaani chembe nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto.

Kuna sababu ya tatu, nyepesi. Mti uliohamishwa chungu siku chache zilizopita, au uliopigwa na jua la mchana kupitia kioo, huweza kulegea adhuhuri na kusimama tena jioni udongo ukiwa na unyevu wa kadiri. Huo upunguzie jua na uuache upumzike.

Ratiba ya kumwagilia kila siku fulani ya juma siipendekezi hata kidogo. Kiasi cha maji kinachotumiwa na mti hubadilika kwa mwanga, joto, ukubwa wa chungu na wingi wa majani, na ratiba haijui lolote kati ya hayo. Mwagilia pale sentimita 2 hadi 3 za juu zinapokuwa zimekauka, na unapomwagilia, mwagilia hadi maji yatokee chini.

Majani yanageuka manjano

Angalia kwanza manjano yameanzia wapi juu ya mti, kisha angalia mishipa ya jani.

Majani ya chini yakipauka yote kwa usawa, mishipa na nyama ya jani pamoja, huku mti ukikua kwa unyonge, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni. Mti huihamisha naitrojeni kutoka kwenye majani makuukuu na kuipeleka kwenye machanga, ndiyo maana ya chini huumia kwanza. Hili hutokea katika chungu ambacho udongo wake haujabadilishwa wala kurutubishwa kwa muda mrefu, na mbolea ya maji yenye virutubisho vilivyolingana, ikitolewa kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chombo, mara moja kwa mwezi katika msimu wa ukuaji, hutosha. Majani ya chini yakibaki na mishipa ya kijani huku sehemu za kati zikiwa manjano, shuku upungufu wa magnesi.

Yakiwa ni majani machanga ya juu ndiyo yenye manjano na mishipa ya kijani, tatizo ni chuma. Hapa usikimbilie kununua madini ya chuma. Mara nyingi madini hayo yamo udongoni tele, ila mizizi haiwezi kuyachukua, ama kwa sababu udongo umekuwa wa alkali mno baada ya kumwagiliwa kwa muda mrefu maji yenye chokaa nyingi, ama kwa sababu mizizi imezama kwenye maji na haifanyi kazi. Rudi kwenye chungu na uikague mizizi kwanza. Mizizi ikiwa salama, mwagilia maji ya mvua kwa muda, au badilisha udongo. Chuma cha aina ya keleti, ambacho mizizi hukipata hata katika udongo wenye alkali kiasi, kitumike baada ya hayo. Jani lililokwisha kupauka huenda lisirudie rangi yake, kwa hiyo pima mafanikio kwa rangi ya majani yanayofuata.

Manjano yaliyotapakaa mti mzima bila mpangilio, pamoja na udongo unaokaa na unyevu siku nyingi, yanarudi kwenye suala la mizizi iliyokwisha elezwa.

Ncha na kingo za kahawia

Ncha zilizokauka husababishwa na mambo matatu, na yanaweza kuwapo yote kwa pamoja. La kwanza ni udongo unaoachwa ukauke kabisa kisha ukafurikishwa, mara kwa mara. La pili ni mrundikano wa chumvi kutoka kwenye mbolea na maji ya bomba. Utauona kama utando mweupe juu ya udongo au kwenye kuta za chungu cha udongo. Uondoe utando huo kwa kijiko, kisha pitisha maji safi polepole ndani ya chungu, kiasi cha mara tatu au nne ya ujazo wa chungu chenyewe, na uyaache yatoke yote. Fanya hivyo mahali ambapo maji yana njia, na usitoe mbolea kwa majuma kadhaa baadaye.

La tatu ni hewa kavu ya kiyoyozi au hita. Wengi huupulizia mti maji asubuhi na jioni kwa tumaini la kuongeza unyevu, lakini matone hukauka baada ya dakika chache na hewa hurudi kuwa ilivyokuwa. Kuhamisha chungu kutoka kwenye njia ya upepo wa mashine husaidia zaidi kuliko kupuliza, na kukusanya mimea kadhaa mahali pamoja huongeza unyevu kidogo kwa muda mrefu zaidi. Ncha zilizokauka ukipenda zikate kwa mkasi, ukiacha uzi mwembamba wa kahawia bila kuingia kwenye sehemu hai.

Shina jembamba, matawi marefu, majani yaliyo mbalimbali

Mti unaorefuka huku nafasi kati ya jani na jani ikipanuka, shina likishindwa kusimama bila mti wa kuegemea, na ncha zote zikielekea upande mmoja, unatafuta mwanga. Ndani ya nyumba jicho la binadamu ni shahidi mbaya, kwa kuwa hujirekebisha. Chumba kinachoonekana kuwa na mwanga wa kutosha kusomea kinaweza kuwa na giza kwa mti. Mwanga hushuka kwa kasi kadiri unavyoachana na dirisha, hivi kwamba mti uliowekwa meta 2 ndani ya chumba hupata sehemu ndogo tu ya ule unaofika karibu na kioo.

Sogeza chungu hadi ndani ya meta 1 kutoka dirisha lenye mwanga mkubwa kuliko yote. Dirisha la mashariki linafaa sana, kwa kuwa jua la asubuhi lina nguvu bila kuunguza. Zungusha chungu robo ya duara kila juma ili mti usiegemee upande mmoja, na ufute majani kwa kitambaa chenye unyevu, maana vumbi huzuia mwanga na huwaficha wadudu. Pasipokuwa na dirisha la kufaa, taa ya mimea iliyowekwa juu ya mti na kuwashwa kwa muda wa saa 12 hivi kila siku hufanya kazi vizuri.

Mti uliokwisha kurefuka hautajifupisha. Baada ya kuuzoesha mahali papya na kuona ukichipua, kata ncha ya shina juu kidogo ya jani. Machipukizi ya chini yake yataamka na mti utatawanya matawi. Usipogoe kabla ya kurekebisha mwanga, kwa kuwa matawi mapya yatakayotoka gizani yatakuwa membamba kama yale uliyoyakata.

Na unapoutoa mti nje ili upate nguvu, jambo ninalolihimiza kila hali ya hewa inaporuhusu, usiuweke juani siku ya kwanza. Majani yaliyokulia ndani hayana kinga ya jua kali. Yataungua na kuwa na mabaka meupe au ya rangi ya majani makavu, na mabaka hayo hayaponi. Anza kivulini, kisha ongeza jua kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili.

Majani yanaanguka kwa wingi ghafla

Jiulize ni nini kilichobadilika katika majuma mawili yaliyopita. Mara nyingi jibu lipo: mti umenunuliwa na kuletwa nyumbani, umehamishwa kutoka nje hadi ndani, umewekwa karibu na mlango unaoingiza upepo wa baridi, au chungu kimebadilishwa. Mplamu mwitu mchanga hauvumilii barafu, na upepo wa baridi wa usiku karibu na dirisha lililo wazi unaweza kuangusha majani hata bila kufikia barafu. Nyuzi 15 hadi 28 za selsiasi ndizo zinazoufaa. Ukikuta chanzo ni mabadiliko ya mahali, uache mti mahali pamoja, mwagilia kwa kadiri ya majani yaliyobaki, na usiendelee kuutafutia nafasi nyingine, kwa sababu kila uhamisho unaanzisha upya kazi ya kuzoea.

Vitu vinavyonata, utando, na madoa madogo

Majani au sakafu chini ya mti vikinata, kuna wadudu wanaonyonya utomvu na kutoa majimaji matamu, ambayo baadaye huotwa na ukungu mweusi unaofanana na masizi. Ukungu huo haupenyi ndani ya jani. Ukiwaondoa wadudu, unafutika kwa maji. Tafuta vidung'ata, ambao ni kama vijidonge vya pamba kwenye maungio ya vikonyo, na wadudu magamba, ambao hushikamana na shina na mishipa ya chini ya jani kama vipele vya kahawia visivyosogea. Wakwangue kwa ukucha au mswaki laini, na mahali pasipofikika waguse kwa kijiti cha pamba kilicholowekwa spiriti ya asilimia 70.

Madoa madogo sana ya manjano yaliyotapakaa juu ya jani, pamoja na nyuzi laini chini yake, ni kazi ya utitiri. Shikilia karatasi nyeupe chini ya jani na ulitikise. Vumbi linalotembea ndilo hilo. Utitiri huzaana haraka katika hewa kavu yenye joto, ndiyo maana huonekana zaidi hita zinapowashwa. Osha mti mzima kwa maji yenye nguvu kiasi, ukielekeza chini ya majani, kisha upulize mchanganyiko wa mililita 5 za sabuni laini ya maji isiyo ya kuondolea mafuta ya vyombo katika lita 1 ya maji. Jaribu kwanza kwenye jani moja na usubiri siku nzima. Sabuni huua wale iliyowagusa tu na haiuwi mayai, kwa hiyo rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, angalau mara tatu. Anayepuliza mara moja na kuacha hulea kizazi kinachofuata. Mafuta ya mwarobaini nayo yanafaa, yakipulizwa jioni au mbali na jua. Muda wote huo mti utengwe na mimea mingine.

Vijinzi vyeusi vinavyoruka unapogusa chungu havili majani. Viluwiluwi vyake huishi kwenye udongo wa juu unaokaa na unyevu, na kuuacha ukauke kati ya umwagiliaji ndiyo tiba.

Mti umesimama, haukui tena

Ikiwa ni msimu wa joto, mwanga unatosha, na bado hakuna jani jipya, geuza chungu utazame chini. Mizizi inayotokeza kwenye matundu, maji yanayopita bila kukaa, na udongo unaokauka siku moja baada ya kumwagiliwa vinaonyesha kwamba mizizi imejaza nafasi yote. Hamishia mti kwenye chungu kipana kwa sentimita 3 hadi 5 tu, mwanzoni mwa msimu wa ukuaji, na mizizi inayozunguka uikwangue nje au uikate mahali kadhaa, la sivyo itaendelea kuzunguka hata katika chungu kikubwa. Anayetaka mti ubaki mdogo anaweza kupunguza mizizi kwa uangalifu na kuurudisha katika chungu kilekile chenye udongo mpya. Mti huu hukubali kazi hiyo, na ndiyo maana wapenzi wa bonsai, sanaa ya kukuza miti iliyodumazwa chunguni, huutumia.

Hakuna maua, hakuna matunda

Usiutafutie mti wako ugonjwa kwa sababu hii. Maua ya kiume na ya kike hukaa kwenye miti tofauti, kwa hiyo mti mmoja pekee wa kike, hata ukichanua, hauna wa kuuchavusha, na wa kiume hauzai kamwe. Juu ya hapo unahitaji umri, jua jingi na wadudu. Aliye na nia ya kula plamu hizo nyekundu zenye ukakasi apande miti kadhaa nje, panaporuhusu. Wa chunguni atunzwe kwa ajili ya majani yake.

Mti unaoonekana umekufa

Kwaruza gome kwa ukucha, ukianzia kwenye ncha ya tawi na kushuka. Panapoonekana kijani chenye unyevu chini ya gome, pana uhai, na hapo ndipo pa kukata, juu kidogo ya jicho la chipukizi. Kikiwapo kijani hata karibu na udongo tu, kagua mizizi, ubadilishe udongo uliooza, uweke chungu mahali penye joto na mwanga, na umwagilie kidogo sana, kwa sababu mti usio na majani hautumii maji mengi. Subiri miezi miwili au mitatu ya msimu wa joto kabla ya kukata tamaa. Ikiwa shina lote ni kavu na la kahawia hadi chini ya usawa wa udongo, na mizizi yote inachomoka maganda, ondoa mti, tupa udongo wake bila kuutumia kwa mmea mwingine, na uoshe chungu kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukipandia tena.